Mlima Kasigau na Neno la Miaka Saba



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, juma lililopita safu hii haikutoka, na wako waliotuma salamu kuuliza kama tu wagonjwa. Alhamdulillahi, hatukuwa wagonjwa. Tulikuwa hatuwezi kushuka ngazi tu. Siku nne nzima tulishuka ngazi za nyumba yetu kinyumenyume, kama mgema ashukaye mnazi, huku wajukuu wakituhesabia vidato kwa sauti na kucheka. Sababu yake ni mlima, na habari ya mlima huo ndiyo tuliyoiona inafaa leo, ingawa sehemu yake si ya kujisifia.

Tunaye rafiki ambaye tulianza naye alifu kwa kijiti katika chuo kimoja na kuionja bakora ya mwalimu mmoja. Tulipokua yeye alishika njia ya biashara, nasi tukashika ya kitabu, lakini baada ya Sala ya Isha tulikutana barazani kwetu tukanywa kahawa, na desturi hiyo ilidumu miaka mingi. Kisha, kiasi cha miaka saba iliyopita, akawa haji. Hapakuwa na ugomvi. Akitukuta njiani hutusalimu kwa uzuri, na arusi zetu na matanga yetu hayakumkosa hata mara moja. Ila kahawa haikunywewa tena. Sisi tulijiambia kwamba duka limemzidi kazi, na kwa kuwa maneno hayo yalitupa raha, hatukuyachunguza.

Basi mwezi uliopita, tukiwa tunavaa viatu mlangoni mwa msikiti baada ya Alasiri, alitusogelea akasema: "Sheikh, naenda Kasigau kumwangalia mwanangu. Twende sote. Nataka tuupande ule mlima kabla magoti hayajatukatalia."

Tulikubali kabla hatujafikiri. Mwenye nyumba wetu aliposikia alikaa kitako akacheka hata akafuta machozi. "Bwana wee, mlima? Wewe ambaye juzi ndoo moja ya maji ulimwita mtoto akubebee?" Tukamkumbusha kwamba tulipokwenda Hija tuliupanda Jabal Nur mpaka penye pango la Hira. Akajibu kuwa hiyo ni zaidi ya miaka ishirini nyuma, na kwamba hata wakati ule tulirudi tukikandwa. Hatukuwa na la kusema. Alitufungia mahamri, tende na chupa ya chai, akatuazimia raba za mwanetu, na makubadhi yetu akayaficha tusije tukayavaa.

Wengi katika nyinyi mmeuona mlima huo bila kuujua jina. Ukisafiri kwa njia ya Nairobi, ukishapita Mackinnon Road, tazama upande wa kushoto, mbali katika nyika: utaona jiwe moja kubwa limesimama peke yake, kilele chake mara nyingi kimefunikwa na wingu kama kilemba. Huo ndio Kasigau, katika kaunti ya Taita Taveta. Kimo chake ni mita 1,641 kutoka usawa wa bahari, na tambarare inayouzunguka ni kavu, ya miiba na vumbi jekundu, kati ya mbuga mbili za Tsavo, ile ya Mashariki na ile ya Magharibi. Wataalamu wauhesabu pamoja na milima ya Tao la Mashariki, ule msururu uanzao Taita ukapita Upare na Usambara hadi kusini mwa Tanzania. Unyevu wa Bahari ya Hindi, hii hii yetu, huvuka nyika yote bila kuacha tone, ukaja kugonga mwamba ule, na hapo ndipo uachapo maji. Kwa hiyo chini ni jangwa, na juu ni msitu wenye kudondoka.

Tulitoka Mombasa siku ya Ijumaa baada ya sala. Malori ya Mariakani hayana haja ya kuelezwa. Tulifika Mackinnon Road wakati wa Alasiri tukasali katika ule msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wa dini zote hupunguza mwendo. Kuhusu mambo yafanywayo na baadhi ya watu makaburini tumekwisha kuandika mara kadhaa, na leo hatuna nafasi. Twasema tu kwamba kivuli cha mahali pale na maji yake ya udhu ni sadaka ambayo wasafiri wengi wameila, nasi tu miongoni mwao.

Tokea hapo rafiki yetu hakusema sana. Maungu tuliacha lami tukaingia njia ya vumbi, na dereva akawa anaendesha kwa kuchungulia, maana ndovu huvuka njia ile magharibi ikiingia, na ndovu hapigiwi honi. Tulifika Rukanga kiza kimekwisha kutanda, na mlima haukuonekana. Palikuwa na mahali tu ambapo nyota hazikuwapo.

Binti wa rafiki yetu ni mwalimu wa shule ya msingi mahali pale. Tulimjua tangu akiwa wa kubebwa. Alimbusu babake mkono, akageuka kwetu: "Shikamoo, ami." Tukaitika marahaba. Salamu ilikuwa kamili, haikupunguzwa neno, lakini ilikuwa salamu ya mtu anayetimiza haki. Tuliona, na kwa mara nyingine tukajipa sababu: mtoto amechoka, wiki nzima anafundisha.

Amepanga chumba kimoja na kijijiko nyuma. Pana kitanda, meza yenye madaftari, rafu ya vitabu, msahafu juu ya rafu katika kitambaa alichokitia nakshi mwenyewe. Alitupa sisi wazee chumba, yeye akaenda kulala kwa jirani, mama wa Kitaita asiyekuwa wa dini yetu. Kabla hajaondoka babake alimwuliza habari za Ramadhani iliyopita, peke yake katika kijiji ambacho Waislamu ni wa kuhesabu. Alisema haikuwa ngumu sana. Yule mama jirani alikuwa akiamka kila usiku kumgongea dirisha wakati wa daku, asije akapitiwa na usingizi. "Mwezi mzima, baba. Hakukosa hata siku moja, na yeye hafungi."

Nasi tulilala na maneno hayo.

Asubuhi, mara baada ya Alfajiri, alikuja kijana wa kutuongoza, maana mlima ule haupandwi pasipo mwenyeji. Alitutazama kuanzia ndevu hadi raba, akauliza kwa adabu, "Wazee, mna haraka?" Tukamwambia hatuna. "Vizuri," akasema, "kwa sababu mlima wenyewe hauna."

Mwanzo njia ilikuwa ya mashamba, mahindi yaliyokauka na mbaazi, kisha vichaka vya miiba, kisha mawe. Mlima wa picha huwa na umbo. Mlima unaoupanda hauna umbo, ni jiwe lililo mbele ya pua yako na jiwe jingine nyuma yake. Mengine yalikuwa makubwa kama nyumba za Mji wa Kale, yamelaliana, na njia ikapita katikati yake kama kichochoro. Hapo bakora haisaidii, mikono ndiyo hutumika. Unashika ukingo, unatafuta pa kuweka mguu, unajivuta, unapumzika, unamdhukuru Mola wako, unatafuta ukingo mwingine. Baada ya saa moja kanzu ilikwisha kukunjwa kiunoni na heshima yote tuliyokuja nayo ilikuwa imebaki Rukanga.

Palipo na mfereji wa maji ushukao kijijini tulikaa. Mlima huo ndio unywesheao vijiji vilivyo chini yake, na mabomba yametelemshwa kutoka kwenye chemchemi za juu. Kijana alituonyesha tambarare na mpaka wa Tanzania upande wa kusini, akatueleza jambo ambalo, kwa aibu yetu, hatukulijua. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka wa 1915, askari wa Wajerumani walivuka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani wakauteka mlima huu, ili wapate pa kutokea kuihujumu reli. Waingereza wakawashuku watu wa Kasigau kwamba ndio waliowaonyesha adui njia. Wakawahamisha wote, wazee, wanawake na watoto, wakawapeleka Malindi. Joto, homa na njaa viliwaua wengi. Waliosalia na watoto wao hawakuruhusiwa kurudi kuishi mlimani pao mpaka katika miaka ya 1930.

"Babu ya babangu alizikwa huko kwenu," alisema kijana. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu atajaye mahali alipoacha kitu.

Sisi watu wa pwani tukitaja Malindi twataja Vasco da Gama, twataja nguzo yake, twataja wageni na hoteli. Tumesalia Malindi mara ngapi, tumekula arusi Malindi mara ngapi, na hatukupata kuambiwa kwamba kuna watu walioletwa pale kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyekaa mezani, ambaye hakuwauliza neno. Rafiki yetu aliuliza, "Na nani aliyewaonyesha Wajerumani njia?" Kijana akatikisa kichwa. "Mzee, mlima unaonekana kutoka kila mahali. Wa kuonyeshwa ni nani?"

Tukaendelea. Yapata saa tatu na nusu tukafika penye mwamba ambao mpaka leo tukifumba macho twauona.

Ulikuwa jabali moja pana, halina ufa wala jani, limeinama kama paa la makuti, na njia ilitaka tulivuke kwa ubavu, hatua kama ishirini. Maji membamba yalipita juu yake yakang'aa. Chini hapakuwa na genge la kutisha sana, kijana alituhakikishia baadaye. Mtu angeteleza akaishia vichakani na mikwaruzo. Lakini jicho halikuona vichaka. Liliona jabali linakwisha, kisha hewa, kisha nyika yote mpaka upeo wa dunia. Kijana alivuka kama atembeaye juu ya mkeka. Rafiki yetu alivuka polepole, ameshika kwa vidole. Sisi tulifika katikati, tukatazama chini, tukasimama.

Miguu ilianza kutetemeka, si kwa mfano wa maneno, bali kutetemeka kweli, goti linagonga jabali. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi. Sisi ambao kila Alkhamisi twakaa mbele za watu tukawafundisha maana ya kutawakali, tulilala kifudifudi juu ya jiwe lenye unyevu tukakumbatia kisichokumbatika. Dua zote zilikimbia ikabaki moja tu, na hiyo nayo twaisoma kwa kukatika.

Rafiki yetu alirudi. Hakuitwa, wala kijana hakumtuma. Alikaa kitako juu ya jabali, akajisogeza kwa makalio mpaka chini yetu kidogo, akaweka mguu wake kinyume cha mteremko kama kabari. "Usitazame chini. Nitazame mimi. Kanyaga mguu wangu."

"Utaumia."

"Kanyaga, Sheikh."

Tukakanyaga. Akajisogeza, akaweka mguu tena, tukakanyaga tena. Hivyo ndivyo tulivyovuka. Kila Mwislamu analijua pango la Thaur na wale wawili waliojificha humo siku tatu katika Hijra, na sisi tumelihutubia darasani mwaka baada ya mwaka, tukieleza fadhila za Abubakar. Siku zote tulieleza kwa upande wa yule aliye na la kusema. Hatukuwa tumewahi kufikiri uzito wa mwili wa mtu ukikukalia mguuni.

Ng'ambo ya pili palikuwa na kivuli cha jiwe. Kijana, kwa busara ya umri asiokuwa nao, alisema anatangulia kuangalia njia. Tukala tende. Mkono wetu haukuwa umetulia bado, kokwa ikaanguka. Ndipo rafiki yetu aliposema.

"Nilikuwa nimenuia nikwambie kileleni. Lakini afadhali hapa, maana hapa huna pa kukimbilia."

Tukacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Unaukumbuka usiku ule niliokujia kuhusu binti yangu?"

Tuliukumbuka, lakini kama ukumbukavyo kitu kidogo. Alikuja barazani baada ya Isha, akasema binti amepata nafasi katika chuo cha ualimu huko bara, mbali, bweni, hakuna jamaa hata mmoja, je, amruhusu? Tulimjibu kabla kahawa haijapoa. Tulimwambia safari ya mwanamke pasipo maharimu ni jambo zito, na kwamba fitina za mabweni twazisikia, akae nyumbani asubiri nasibu yake. Akashukuru, akaenda zake. Tulilala vizuri usiku ule.

"Nikaenda nyumbani," alisema, "nikasema: Sheikh amesema. Sikusema mimi naogopa, ingawa nilikuwa naogopa. Nilisema Sheikh amesema. Mwaka mzima yule mtoto hakuinua macho kunitazama. Akipika, akifua, akisali, nikimwita akiitika abee. Lakini alikuwa kama mtu aliyezimwa. Usiku namsikia anatembea. Mamake akauza bangili zake mbili za dhahabu, zile za arusi yetu, pasipo kuniambia, akamlipia mwaka uliofuata. Nikajua siku nauli imekwisha kulipwa. Na mimi, Sheikh, siku ile nilipumua. Nilifurahi kwamba mke wangu ameniasi. Je, hilo ni jambo la mume kufurahia?"

Hatukujibu.

"Sikukasirikia jibu lako. Jibu ningeweza kulikataa, wanavyuoni wengine wangenipa jingine. Nilikasirika kwa kuwa hukuniuliza kitu. Hukuuliza chuo kiko wapi. Hukuuliza kama kuna familia ya Kiislamu karibu, na ilikuwapo. Hukuuliza mtoto mwenyewe anasemaje. Na nilijikasirikia mimi zaidi, kwa sababu nilikuja kwako nitafute mtu wa kumtwika, na wewe ukakubali mzigo bila kuupima. Basi nikawa nikikuona naona uoga wangu. Ndiyo maana sikuja."

Wasomaji wetu, twakiri kwamba jambo la kwanza lililotujia kichwani ni dalili. Hii ni kazi yetu, na ulimi wa fundi hukimbilia chombo chake. Masala ya safari ya mwanamke wanavyuoni wamekhitilafiana ndani yake, na wako wakubwa walioruhusu pakiwa na amani ya njia na wenza wa kuaminika. Na wako waliokaza. Tungeweza kupanga kauli zote pale chini ya jiwe, tukaonyesha kwamba jibu letu lilikuwa na mahali pa kusimama. Na lilikuwa napo. Lakini tulikuwa tumetoka kukanyaga mguu wa mtu hatua ishirini, na alama ya soli ya raba ya mwanetu ilionekana juu ya kifundo chake, nyekundu. Kinywa hakikufunguka.

Mwisho tulisema la kweli: kwamba usiku ule tulijibu swali ambalo hatukuwa tumelisikia. Tulisikia neno "binti" na neno "mbali", tukatoa jibu lililokuwa tayari mfukoni. Na tukamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimekwisha kusamehe, nisingekuleta. Lakini haki yenyewe si yangu."

Kijana akapiga mluzi kutoka juu. Tukainuka.

Kilichobaki cha mlima tutakipita upesi, maana hata sisi tulikipita kama wapitao ndotoni. Mawe yaliisha, msitu ukaanza, na ghafla palikuwa na baridi. Miti imevaa manyoya ya kijani toka shinani hadi matawini, kangaga zimeenea kila mahali, maji yanadondoka ingawa mvua hakuna. Kuna ndege wadogo wenye duara jeupe kuzunguka jicho kama waliopakwa chokaa. Kijana alisema ndege hao ni wa milima ya Taita, hawapatikani penginepo. Kileleni tulifika karibu na saa saba. Msomaji angetamani tumwambie tuliona Kilimanjaro. Hatukuona kitu. Wingu lilikuwa limetukalia, na mtu wa hatua kumi alikuwa kivuli. Rafiki yetu aligeuka huku na huku akasema, "Tumekuja mbali kuja kutazama maziwa."

Tulitawadha katika kijito, maji yakiuma vidole, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri aruhusiwavyo. Kibla kwa sehemu zetu hizi ni kaskazini, kwa kuwa Makka na pwani yetu vyakaribia kuwa juu ya mstari mmoja. Kijana alituambia kwamba upande ule tuliouelekea, wingu likiondoka, huonekana mlima Sagalla, kidogo kushoto, na nyuma yake Voi. Tulipotoa salamu kulia na kushoto, kushoto alikuwapo rafiki yetu, na kuliani palikuwa na wingu tupu.

Kushuka ndiko kulikotuvunja. Kupanda huchosha pumzi, na pumzi hurudi; kushuka hula magoti. Lile jabali tulilivuka kwa kukaa kitako, sote wawili, kama watoto watelezao mchangani, na kanzu yetu sasa haina nyuma. Tulifika kijijini saa kumi na moja na nusu.

Binti alikuwa nje, amekaa juu ya kigoda, anasahihisha madaftari. Alitutazama tunavyotembea, akaingia ndani pasipo kusema, akatoka na mabeseni mawili ya maji ya moto yenye chumvi. Moja alimwekea babake. Jingine akatuwekea sisi. Rafiki yetu akasema anakwenda kumlipa kijana, akaondoka na miguu mitupu, beseni lake likabaki linafuka mvuke. Tulifahamu.

Tulimwambia binti kwamba miaka saba iliyopita tulitoa neno juu ya maisha yake bila kumwuliza, na kwamba tumejua leo mwaka ule ulikuwaje, na kwamba twaomba radhi kwake yeye, si kwa babake. Maneno hayakuwa na mpango. Mtu aliyezoea kusema mbele ya mamia alitafuta maneno mbele ya mtoto wa rafiki yake kama aliyesahau hutuba.

Alinyamaza muda. Alifunga kalamu nyekundu kwa kifuniko chake.

"Ami," akasema, "usiku ule ulikuwa unajua nimechaguliwa kusomea nini?"

Tulisema hatukujua.

"Hisabati."

Kisha akasema maji yanapoa, tutie miguu. Akarejea kwenye madaftari. Hakusema amesamehe, wala hatukumwuliza mara ya pili. Mtu akiomba radhi kisha akadai risiti hakuomba radhi. Lakini Jumapili asubuhi tulipokuwa tunaondoka alituletea kiondo cha mkonge, kazi ya wanawake wa kijiji kile, chenye mistari ya rangi ya udongo na ya kijani. "Mpe mama. Mwambie wanauza, kama anazo rafiki zake wanaotaka." Akataja bei, bei kamili. Tukamlipa. Mwenye nyumba wetu sasa ndicho aendacho nacho sokoni, na tangu juzi wamekwisha kuagiza vingine sita.

Wazazi mjao kwetu na maswali ya mabinti zenu, baraza iko pale pale, baada ya Isha kwa wanaume, na Jumamosi asubuhi kwa akina mama. Tafadhalini, mkija na swali la binti, njooni na binti mwenyewe, au barua yake. Na mkituona tunajibu upesi, tukatizeni.

Jumanne usiku, magoti yakiwa bado yamefura, tulikuwa juu chumbani tumelala. Tukasikia mlango wa chini unagongwa, kisha sauti tuijuayo ikiita kutoka barazani: "Sheikh! Kahawa imefika. Utashuka, au nipande tena?"

Tukamwambia asubiri. Tukashika ukuta, tukageuka, tukaanza kushuka kinyumenyume.